Pale Maji Yanapoangukia

Mwezi huu tunataka kuzungumza juu ya maji ya nyumbani, na hasa juu ya jambo ambalo wengi wetu hatulifikirii mpaka limetuletea hasara: jinsi ya kujenga mahali maji yanapoanguka.

Tuanze na habari ya mwenzetu mmoja. Ni jirani yetu, na ni mwenzetu katika kikundi cha sala cha akina mama. Mume wake ni fundi mwashi, na kazi yake iko pwani, kusini ya Dar es Salaam. Huko hujengea mahoteli na wenye nyumba kubwa mabwawa ya kuogelea. Pembeni mwa bwawa hutengeneza maporomoko ya maji, yaani ukuta wa mawe uliopangwa kama mwamba wa mlimani. Pampu huvuta maji ya bwawa na kuyapandisha juu ya ukuta, nayo hushuka tena bwawani kutwa nzima, kwa ajili ya kufurahisha macho ya wageni.

Siku moja alipokuja likizo alituonyesha picha katika simu yake. Sote tulishangaa na kumsifu. Mwenzetu peke yake hakusema kitu. Alikuwa ndiyo kwanza ametua ndoo. Ilikuwa Oktoba, kisima cha karibu kilikuwa kimekauka, naye alikuwa ameondoka nyumbani saa kumi alfajiri kwenda kupanga foleni kwenye kisima cha mbali. Baadaye alituambia, "Siioni vibaya kazi ya mume wangu, maana ndiyo inayotulisha. Lakini usiku ule nililia. Anawaangushia wageni maji ya kutazama, na mimi sina maji ya kumnywesha mtoto."

Tulimshauri asilie peke yake, bali amwambie mwenyewe. Akamwambia, kwa upole, baada ya chakula. Mume akanyamaza kwa muda mrefu, kisha akasema, "Umesema kweli, mama watoto. Nikirudi kazini nitatuma hela, ujengewe tangi la mvua."

Tangi la kwanza

Hela zilikuja, lakini zilikuja Novemba 2022, mawingu yakiwa yameshakusanyika. Akatafutwa fundi aliyekuwa karibu. Kwa siku tisa alisimamisha tangi la matofali ya kuchoma kwenye kona ya nyumba, akalipiga lipu na niru, akalipaka chokaa. Lilipendeza kweli. Tulikwenda kulitazama na kumshukuru Mungu pamoja na mwenzetu.

Katikati ya Desemba ilikuja mvua kubwa yenye upepo, zile za huku kwetu zinazoezua mapaa. Tangi lilijaa. Halikuwa na bomba la kutolea maji yanayozidi, basi maji yakamwagika juu ya ukingo na kuanguka chini ukutani, usiku kucha, mahali pale pale. Karibu na alfajiri tulisikia kishindo. Tulipofika tulikuta tangi limepasuka, ukuta wa jiko umelala chini, na sufuria zimesambaa mpaka barabarani. Jioni ile watoto watatu walikuwa wameogea pale pale lilipoangukia. Kama lingeanguka saa kumi na mbili ya jioni badala ya alfajiri, mwezi huu tungekuwa tunawaandikia habari nyingine.

Hasara ya pili haikuonekana kwa macho. Mume alipopigiwa simu alikasirika. Alisema mke hakumsimamia fundi. Mke naye alijibu kwamba yeye si mwashi, na mwenye kujua ujenzi alikuwa pwani. Kwa wiki tatu hawakuzungumza ila habari za ada za shule. Sisi tuliokuwa karibu tuliona wazi kwamba si tangi peke yake lililopata ufa.

Mwezi Januari mume alikuja kwa treni. Hakwenda kumtafuta yule fundi. Alichukua jembe akachimba chini ya kipande cha sakafu kilichobaki, akaingiza mkono, akatoa mchanga mtupu. Zege ilikuwa nyembamba, kama vidole vitatu, na chini yake hapakuwa na jiwe hata moja. Akamwita mke wake, nasi tukiwapo, akasema, "Hili halikuangushwa na upepo. Limeliwa chini na maji yaliyolianguka. Na mimi ninayejua jambo hili nilituma hela, sikutuma maarifa. Unisamehe." Mwenzetu naye alimwomba radhi kwa maneno aliyoyasema. Siku ile ndipo ujenzi wa tangi la pili ulipoanza, ingawa saruji ilinunuliwa miezi mitano baadaye.

Mambo aliyojifunza pwani

Tulimwomba atueleze jinsi maporomoko yake yanavyosimama huko kwenye dhoruba. Akatuambia kwamba mawe mazuri tunayoyaona katika picha hupangwa mwisho kabisa. Nguvu iko nyuma yake na chini yake.

Kwanza huchimba mpaka afike udongo mgumu, kwa sababu maji yanayoanguka hayachoki. Tone moja si kitu, lakini tone linaloanguka mahali pamoja mwaka mzima huchimba shimo. Kwa hiyo mahali maji yanapotua hupaimarisha kuliko mahali pengine pote. Ukuta wa nyuma huwa wa zege yenye nondo, iliyofungwa pamoja na msingi wake. Juu yake hupakwa dawa ya kuzuia maji, maana maji yakipenya nyuma ya mawe huyasukuma nje moja baada ya jingine.

Pili, hatumii mchanga wa baharini. Una chumvi, na chumvi hula nondo ndani ya zege. Nondo ikiota kutu huvimba na kuipasua zege kutoka ndani. Kwa sababu hiyo hiyo nondo haiachwi karibu na uso wa zege; hufunikwa kwa unene wa vidole vitatu hivi ili hewa ya bahari isiifikie.

Tatu, hayajengi marefu sana. Mwenye nyumba hupenda yawe juu kama nyumba, lakini maji yanayoanguka kutoka juu hupeperushwa na upepo, bwawa likapungua na pampu ikavuta hewa mpaka ikaungua. Maporomoko ya kimo cha mita 1 hivi huvumilia upepo vizuri zaidi.

Nne, dhoruba ikitangazwa huzima umeme, hufunga au huondoa pampu, na huondoa kila kitu kinachoweza kurushwa na upepo. Lakini bwawa halimwagi maji yote. Hili lilitushangaza. Alieleza kwamba mvua kubwa hujaza maji ardhini, na bwawa tupu linaweza kusukumwa kutoka chini likainuka kama mtumbwi. Uzito wa maji yaliyomo ndio unaolituliza.

Na dhoruba hizo si hadithi. Aprili 1872 kimbunga kiliipiga Unguja, kikavunja majahazi na kung'oa minazi na mikarafuu mingi. Masika hiyo hiyo Henry Morton Stanley alikuwa akirudi Bagamoyo kwa njia ya misafara, baada ya kuachana na Dakta Livingstone huku Tabora mwezi Machi. Alipofika sehemu za Morogoro alipata habari ya mji wa Simbamwene, ambao alipopita mara ya kwanza aliusifu kwa ukuta wake imara wa mawe. Mto ulikuwa umefurika, ukauchukua ukuta wa mbele pamoja na nyumba kama 50. Ukuta ule ulijengwa kuzuia maadui, na adui aliyekuja alikuwa maji.

Aprili 1952 kimbunga kilipiga Lindi. Aprili 2019 Kimbunga Kenneth kilipita Komoro na kuingia kaskazini ya Msumbiji, karibu kabisa na mpaka wetu. Mwanzoni mwa Mei 2024 Kimbunga Hidaya kilifika Kisiwa cha Mafia, na pwani yote ya kusini ikapata upepo mkali na mvua nyingi.

Sisi na upepo wetu

Labda mama mmoja atauliza, "Hayo ya pwani yanatuhusu nini sisi wa Unyamwezi?" Ni kweli, kimbunga cha bahari hakifiki Goweko. Lakini mvua zetu za kwanza, baada ya miezi ya ukame, huja na upepo wa ghafla ambao kila mmoja wetu anaujua. Tena sisi tunaishi kwenye njia ile ile ya wapagazi, ambao baada ya Ugogo walikatiza pori waliloliita Mgunda Mkali kwa ukali wa kiu yake. Reli ilipofika Tabora mwaka 1912 misafara ikaisha, lakini kiu ya kiangazi haikuondoka na wapagazi. Kuanzia Mei mpaka Oktoba tunaweza kukaa bila tone la mvua.

Kwa hiyo sisi nasi tuna maporomoko yetu: maji yanayoshuka kutoka kwenye bati. Tofauti ni kwamba ya kwetu si ya kutazama.

Hebu tufanye hesabu kidogo. Mvua ya milimita 1 ikinyesha juu ya bati la mita 1 ya mraba hutoa lita 1 ya maji. Tabora hupata karibu milimita 900 kwa mwaka. Nyumba yenye paa la mita 6 kwa mita 10 ina mita za mraba 60. Hata tukihesabu kwamba sehemu moja katika tano hupotea kwa kumwagika na kukauka, tunabaki na zaidi ya lita 43,000 kila mwaka. Hizo ni ndoo za lita 20 zaidi ya 2,000. Tunaziacha zinachimba makorongo uani kwetu, kisha Oktoba tunaamka saa kumi alfajiri kutafuta ndoo mbili.

Familia inayotumia ndoo tatu kwa siku kwa kunywa na kupikia inahitaji lita 10,800 kwa siku 180 za kiangazi. Tangi la lita 10,000, likitunzwa kwa ajili ya jikoni tu, linakaribia kabisa kuwavusha. Kufua na kuoga kutaendelea kutegemea kisima, lakini mtoto hatakosa maji ya kunywa.

Jinsi tangi la pili lilivyojengwa

Tunayaandika haya si ili kila mama awe mwashi, bali ili fundi akija nyumbani uweze kumwuliza maswali na kutambua kazi nzuri.

Wakati. Walijenga Juni, baada ya kuuza tumbaku. Mvua zilikuwa zimekwisha, lakini maji ya kujengea yalikuwa bado karibu. Mawe, kokoto na mchanga vilikusanywa kidogo kidogo tangu Februari, kwa sababu haviozi. Saruji ilinunuliwa mwisho kabisa, maana saruji ikilala ndani kwa miezi huganda na nguvu zake hupotea. Wengi wetu tunaponunua mfuko mmoja mmoja kila tupatapo hela tunadhani tunaweka akiba, kumbe tunaharibu.

Mchanga. Ulitoka korongoni, ukajaribiwa kwanza. Tia mchanga kiasi cha nusu chupa nyeupe, jaza maji, tikisa sana, kisha iache itulie. Ukiona tabaka nene la tope juu ya mchanga, basi mchanga huo uoshwe au utafutwe mwingine.

Msingi. Walichimba mpaka jembe likaanza kugonga, wakashindilia mawe, ndipo wakamwaga zege yenye nondo, unene wa sentimita 10 na zaidi. Msingi ulitokeza nje ya ukuta wa tangi kwa hatua moja ya mtoto, ili maji yakianguka yatue juu ya zege na si juu ya udongo. Kumbukeni kwamba lita 10,000 zina uzito wa tani 10.

Ukuta. Safari hii tangi lilikuwa la mviringo, upana mita 2.6 na kimo mita 1.9. Lenye pembe hupasuka pembeni kwanza. La mviringo hugawanya nguvu sawasawa. Badala ya matofali matupu walisimamisha wavu wa chuma, wakauzungushia wavu wa kuku, na juu yake wakazungusha waya mnene kuanzia chini mpaka juu. Chini waya ulikaribiana sana, juu ukaachana, kwa sababu maji husukuma zaidi kadiri yanavyokuwa na kina. Kisha wakapiga lipu ndani na nje, ndoo 1 ya saruji kwa ndoo 3 za mchanga, wakamalizia ndani kwa niru. Lipu iliyoanza kuganda kwenye karai haikuongezwa maji, ilitupwa.

Kumwagilia. Hapa ndipo mwenzetu alipofanya kazi kubwa. Mume alirudi pwani siku ya nne. Yeye alilifunika tangi kwa magunia, akayalowesha asubuhi, mchana na jioni kwa wiki tatu. Sisi wa kikundi tulimsaidia kwa zamu, kila mmoja ndoo yake. Wapita njia walitucheka kwamba tunanywesha ukuta. Lakini saruji haikauki ikapata nguvu, bali hupata nguvu ikiwa na unyevu. Ikikaushwa na jua la Juni kabla ya wakati hubaki na nyufa ndogo ambazo huonekani mpaka tangi limejaa.

Paa na mifereji. Mapaa yetu huezuliwa kwa sababu kenchi zimewekwa tu juu ya ukuta. Zao zilifungwa kwa waya ulioshuka ndani ya ukuta kozi kadhaa za matofali. Mifereji ya bati, ambayo mafundi huiita gata, ilishikwa kwa vyuma na si kwa fito, maana fito ni chakula cha mchwa. Iliteremka sentimita 1 kwa kila mita moja. Kando ya bati waliongeza kipande cha bati kilichoning'inia, ili mvua kubwa ikija kwa kasi isiruke juu ya mfereji na kupotea.

Njia ya kutokea. Hili ndilo lililokosekana mara ya kwanza. Karibu na juu ya tangi waliweka bomba nene, si jembamba kuliko lile la kuingizia maji, likayatoa maji yanayozidi mpaka mbali na ukuta. Pale yanapoangukia walipanga mawe makubwa na kuyashika kwa saruji, na kutoka hapo wakachimba mfereji mpaka kwenye migomba. Yule fundi alipomaliza kuyapanga mawe yale alicheka, akamwambia mke wake, "Haya, mama watoto, haya ndiyo maporomoko yako." Nasi tunaweza kushuhudia kwamba mvua ikikolea yanapendeza kama yale ya hotelini, na migomba inafurahi.

Kulitunza

Mvua ya kwanza ya mwaka isiingie tangini. Geuza bomba la kuingizia, vumbi na mavi ya ndege vioshwe kwanza kwenye bati. Mdomo wa tangi uwe na kichujio, na kila tundu liwe na wavu wa kuzuia mbu. Chini ya koki pawe na kokoto, pasiwe na tope. Maji ya kunywa yachemshwe au yatiwe dawa, hata kama yanaonekana meupe.

Mfuniko uwe mzito na uwe na kufuli. Hili tunalisema kwa msisitizo. Mtoto mdogo hahitaji maji mengi ili azame, na tangi lililo wazi ni hatari kuliko kisima, kwa kuwa liko nyumbani ambako hatumtazami sana.

Mwisho, usilimalize tangi mpaka likauke kabisa. Acha maji kiasi cha kiganja na mkono chini, kwa kuwa tangi likikauka kwenye jua la Septemba hupata nyufa. Ni kama lile bwawa la pwani: maji kidogo yanayobaki ndiyo yanayolilinda. Na ukiona ufa mdogo, uzibwe mwaka huo huo. Wazee walikwisha sema, usipoziba ufa utajenga ukuta.

Mvua za El Nino za mwishoni mwa 2023, zilizoharibu mengi katika sehemu nyingi za nchi, zililikuta tangi hili limekwisha kukomaa. Lilijaa na kufurika mara nyingi, na maji yakaenda kwa migomba. Mei 2024, Hidaya ilipopita, mume alipiga simu kutoka pwani kusema kwamba upepo umeangusha miti na mapaa jirani, lakini maporomoko ya hotelini yamesimama. Mke alimjibu, "Na ya kwako ya huku pia yamesimama." Alipotusimulia jambo hilo alikuwa anatabasamu kama bibi harusi.

Neno la kufikiri

Wapendwa, sote tunaujua mfano wa Bwana Yesu juu ya wajenzi wawili. Tukisoma Mathayo tunaona mwamba na mchanga. Lakini Luka anataja jambo jingine katika sura ya sita: kwamba yule mwenye busara alichimba, tena akaenda chini sana, kabla ya kuweka msingi. Mwamba haukuwa juu ukimngoja. Aliutafuta kwa jasho. Tena angalieni kwamba mvua na mafuriko viliwajia wote wawili. Kumcha Mungu hakukuzuia mafuriko yasije. Kulimfanya mtu ajenge akijua kwamba yatakuja.

Katika ndoa zetu pia maji huanguka, na mara nyingi huanguka mahali pamoja. Kwa mmoja ni hela, kwa mwingine ni wakwe, kwa mwingine ni umbali wa kazi. Neno lile lile dogo, likirudiwa kila siku, hula chini bila kelele. Na nyumba isiyo na njia ya kutolea yanayozidi, ambamo mke hunyamaza na mume hunyamaza, hujaa mpaka hupasuka usiku. Mwenzetu aliposema haja yake kwa upole alifungua njia. Mume alipoingiza mkono chini ya zege na kukiri kosa lake mbele yetu alifungua nyingine.

Tusiwaachie waume zetu mambo ya ujenzi kana kwamba hayatuhusu, wala waume wasitume hela tu wakadhani wamejenga. Mithali inafundisha kwamba mwanamke mwenye hekima huijenga nyumba yake. Tulizoea kudhani maana yake ni tabia njema tu. Sisi wa Goweko, baada ya wiki tatu za kunywesha ukuta, tunaamini maana yake ni pamoja na kubeba ndoo na kumwuliza fundi, "Bwana fundi, chini ya hapa umeweka nini?"

Maswali ya kuzungumza katika kikundi

1. Maji ya paa lako yanaangukia wapi? Nenda ukapatazame mvua ikinyesha. Pameliwa kiasi gani?

2. Ni haja gani ya nyumba ambayo hujamwambia mume wako kwa upole, ukidhani angepaswa kuijua mwenyewe?

3. Kikundi chenu kinaweza kusaidiana vipi ili kila mwaka nyumba moja ipate tangi, kuanzia na mama mjane au mgonjwa?

Mwezi ujao, Mungu akipenda, tutazungumza juu ya watoto wanaosoma mbali na nyumbani. Tunawatakia mvua njema na nyumba imara.